Dakika tisa zilikwenda wapi? Uchambuzi wa nusu marathoni moja ya vilima

Mkimbiaji wa kisa hiki ana miaka 38 na uzito wa kilo 68. Kwenye njia tambarare, nusu marathoni (kilomita 21.1) yake bora ni saa 1 na dakika 45, sawa na mwendo wa dakika 4:59 kwa kilomita. Aliingia kwenye mbio za vilima akilenga saa 1 na dakika 48. Alimaliza kwa saa 1, dakika 57 na sekunde 20, mapaja yamekakamaa kiasi kwamba kuinama afungue kamba za viatu ilikuwa kazi. Ameniruhusu kuandika habari zake kwa sharti la kutomtaja. Mimi ndiye ninayemsimamia mazoezi, kwa hiyo nilikuwa na rekodi ya saa yake yote: mwendo, mapigo ya moyo, na mwinuko wa kila sehemu ya njia.

Njia yenyewe si ya kutisha. Ina mpando mrefu kati ya kilomita ya 3 na ya 6, wenye mwinuko wa wastani wa asilimia 4, maana yake kila mita 100 za mbele unapanda mita 4. Juu kuna kilomita mbili za mawimbi madogo, kisha mteremko wa kilomita tatu unaorudisha chini mita zote 120 zilizopandwa. Katikati ya mteremko huo kuna kipande kikali cha asilimia 7. Baada ya hapo kuna kilomita tatu tambarare, mpando wa pili mfupi lakini mkali zaidi wa asilimia 5, mteremko wa kilomita mbili na nusu, na mwisho njia imetulia isipokuwa kinundu kimoja karibu na kilomita ya 20. Jumla ya kupanda ni mita 260 hivi. Asubuhi ilikuwa ya mawingu na baridi, upepo mdogo. Kwa hiyo joto tuliweke kando tangu sasa.

Mwendo wake ulikuwa hivi, dakika kwa kilomita:

Kilomita 0–3, tambarare: 5:00
Kilomita 3–6, mpando wa kwanza: 5:45
Kilomita 6–8, mawimbi ya juu: 5:25
Kilomita 8–11, mteremko wa kwanza: 4:25
Kilomita 11–14, tambarare: 5:15
Kilomita 14–16, mpando wa pili: 7:00
Kilomita 16–18.5, mteremko wa pili: 5:55
Kilomita 18.5 hadi mwisho: 6:20

Ili kumaliza kwa 1:48 alihitaji wastani wa 5:07. Kwenye kilomita ya 11 saa yake ilisoma dakika 56 na sekunde 20, sekunde 3 tu nyuma ya lengo. Aliniambia kwamba pale alijiona ameshashinda: mpando mkubwa umekwisha, muda upo, nguvu zipo. Miaka yote ninayosoma rekodi za wakimbiaji, sijui alama inayodanganya kama hii ya kufika nusu ya njia ya vilima ukiwa sawa kabisa na ratiba.

Maelezo yake mwenyewe yalikuwa mafupi. "Kocha, kilima cha pili ndicho kilichoniua." Alishatembea kama mita 300 za mpando ule, na alikuwa anaona haya. Suluhisho alilokuja nalo lilikuwa kuongeza mazoezi ya kupanda.

Nilikataa, na sababu iko kwenye namba zilezile. Mwaka 2002 Alberto Minetti na wenzake walichapisha vipimo vya nishati ambayo mwili hutumia kukimbia kwenye miinuko tofauti, kupanda na kushuka. Kwa kufuata mlinganyo wao, kila kilomita ya mpando wa asilimia 4 inagharimu takribani asilimia 24 zaidi ya kilomita tambarare. Mpando wa asilimia 5 unagharimu takribani asilimia 30 zaidi. Hivyo dakika 7:00 kwa kilomita kwenye mpando wa pili, pamoja na kutembea kwake, ni kazi inayolingana na kukimbia tambarare kwa 5:23. Huo ni mwendo wa mtu aliyechoka. Si wa mtu aliyekufa. Aibu ya kutembea ilimfanya akiangalie kilima na kuacha kuangalia kilichofuata.

Kilichofuata ni mteremko. Mteremko wa kwanza, wenye wastani wa mwinuko uleule, aliushuka kwa 4:25. Wa pili aliushuka kwa 5:55. Tofauti ni dakika moja na nusu kwa kila kilomita, mahali ambapo mwili unahitaji nishati kidogo kuliko sehemu nyingine yoyote ya njia. Na mapigo ya moyo? Kwenye mpando wa kwanza yalifika 179. Kwenye mteremko wa pili yalikuwa 158 na yanazidi kupungua. Moyo ulikuwa na nafasi, pumzi ilikuwepo, na bado hakuweza kwenda. Nilipomuuliza alikuwa anahisi nini pale, alijibu kwamba kila akitua, goti lilitaka kukunjika, akawa anashuka kwa vihatua vya kujihami. Mapafu yalikuwa mazima. Miguu ndiyo iliyokataa.

Kwenye vilima mkimbiaji ana madaftari mawili ya hesabu. La kwanza ni la nishati na oksijeni, na hilo ndilo saa inalolisoma kupitia mapigo ya moyo. Humo kupanda ni ghali na kushuka ni rahisi. La pili ni la misuli, hasa misuli ya mbele ya paja, na humo mambo yamegeuzwa. Ukipanda, misuli hiyo hufanya sehemu kubwa ya kazi yake kwa kujikunja. Ukishuka, kila unapotua inalazimika kukaza huku inavutwa na kurefuka, ili kuzuia goti lisiporomoke na mwili usikimbie mbele ya miguu. Kazi ya kukaza huku misuli inarefuka haitumii oksijeni nyingi, ndiyo maana hupumui kwa shida, lakini ndiyo inayosababisha michaniko midogomidogo kwenye nyuzi za misuli. Nguvu hupungua palepale, ndani ya mbio. Maumivu yenyewe huja baadaye na kufikia kilele kati ya saa 24 na 72.

Hapo ndipo nilipouliza swali ambalo kwangu lina thamani kuliko grafu zote: siku mbili baada ya mbio, ngazi zilikuwaje? Kupanda ngazi hakukuwa na shida. Kushuka alilazimika kugeuka na kwenda kinyumenyume. Mashavu ya miguu, yale yanayofanya kazi kubwa ya kusukuma unapopanda, yalikuwa na uchovu wa kawaida tu. Mtu aliyeuawa na mpando hashuki ngazi kinyumenyume.

Kuna vipimo vya nguvu za kutua pia. Jinger Gottschall na Rodger Kram, mwaka 2005, walipima wakimbiaji kwenye mashine ya kukimbilia iliyoinamishwa, na kwenye mteremko wa nyuzi 9 nguvu ya kishindo cha kutua iliongezeka kwa asilimia 54 kuliko tambarare, na nguvu ya kujizuia, ile ya mguu kufunga breki, kwa asilimia 73. Nyuzi 9 ni karibu asilimia 16, mteremko mkali mara mbili na zaidi ya ule wa njia hii, kwa hiyo namba hizo hazihamishwi hapa moja kwa moja. Mwelekeo wake ndio ninaouchukua. Kilomita yenye kipande cha asilimia 7 yeye aliipita kwa 4:05. "Nilijiachia," alisema. Picha alizopigwa pale zinaonyesha kitu kingine: kisigino kinatua mbele kabisa ya mwili, goti limenyooka, kiwiliwili kimeegemea nyuma. Anayejiachia kweli hutua chini ya nyonga zake. Yeye alikuwa akifunga breki kwa kila hatua, kwa kasi kubwa kuliko aliyowahi kukimbia mazoezini kwa miezi.

Tukageukia mazoezi yake kabla ya mbio, na sehemu hiyo ya lawama iko kwenye utamaduni mzima wa mazoezi ya vilima. Mara moja kwa wiki alifanya marudio ya kilima: anapanda mita 300 kwa nguvu, kisha anashuka akitembea ili apumzike, anarudia. Siku za mvua alikimbia kwenye mashine ya ndani, mbele imeinuliwa. Mazoezi mazuri yote mawili, na yote mawili ni ya kupanda. Mashine ya namna ile hainami kwenda chini, na kwenye marudio ya kilima kushuka huhesabiwa kuwa mapumziko. Alifika kwenye mbio ana moyo uliozoea vilima na mapaja ambayo hayajawahi kushuka kilomita moja kwa kasi ya mashindano. Angeongeza mazoezi ya kupanda kama alivyotaka, angefika kilomita ya 8 akiwa na nguvu zaidi za kujiumiza.

Wanaopenda mbio watakumbuka kwamba marathoni ya Boston, Marekani, ina hadithi ya namna hii kwa kiwango kikubwa. Njia yake inaanzia Hopkinton na hadi mwisho inakuwa imeshuka kama mita 140. Mwaka 2011 Geoffrey Mutai wa Kenya alishinda pale kwa saa 2:03:02, muda bora kuliko rekodi ya dunia ya wakati ule, 2:03:59, ambayo Haile Gebrselassie aliiweka Berlin mwaka 2008. Haukuhesabiwa kuwa rekodi, kwa kuwa njia inayoshuka zaidi ya mita 1 kwa kila kilomita haikubaliki kwa rekodi, na mwanzo na mwisho wake pia vimeachana mno. Siku ile kulikuwa na upepo wa mgongoni vilevile. Kwa watunga sheria, basi, mteremko ni msaada. Lakini wakimbiaji wa kawaida hufika kwenye vilima vya Newton, baada ya kilomita ya 25, mapaja yakiwa yameshaliwa na miteremko ya mwanzo, kisha wanakilaumu kilima cha mwisho, Heartbreak Hill, ambacho hakipandi hata mita 30. Mkimbiaji wangu alifanya kosa hilohilo la kumtafuta mkosaji: alimkamata aliyekuwepo eneo la tukio.

Hata hivyo mpando wa kwanza hauna mikono safi. Aliupanda kwa 5:45, ambayo kwa mlinganyo ule ni sawa na 4:39 tambarare, mwendo wake wa mbio za kilomita 10. Alishikilia juhudi hiyo kwa zaidi ya dakika 17, wakati bado kilomita 15 ziko mbele. Kwa nini hakujua? Kwa sababu mapigo ya moyo huchelewa. Kilomita ya kwanza ya mpando saa ilisoma wastani wa 163, chini ya 170 ambayo ndiyo dari yake ya juhudi ya saa nzima, akasoma kuwa ana nafasi. Ya pili 174. Ya tatu 179. Pumzi ilikuwa imeshamwambia mapema zaidi. Alikiri kwamba mita 500 tu baada ya kuanza kupanda alikuwa hawezi kutamka sentensi. Kwenye kilima mimi huamini pumzi kwanza, saa baadaye. Na mwendo kwa kilomita, ile namba kubwa katikati ya kioo, haina maana yoyote pale: yeye aliiona 5:45, akajihisi mzembe, akaongeza.

Chakula nilikichunguza haraka. Kukimbia hugharimu takribani kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita, hivyo nusu marathoni kwake ni kama kilokalori 1,400. Mtu aliyekula wanga wa kutosha siku iliyotangulia huanza na akiba inayozidi hapo. Alikuwa amekula vizuri, na alimeza jeli moja ya wanga kilomita ya 10. Kukimbia mpando wa kwanza juu ya dari yake kulichoma wanga haraka kuliko kawaida, na naamini kilomita mbili za mwisho zina harufu ya hilo. Lakini kuishiwa wanga hakumfanyi mtu apungue kasi kwanza kwenye mteremko. Jeli ya pili ingemsaidia kidogo, mapaja yasingejua.

Sasa swali lililonisumbua mimi: lengo la 1:48 lilikuwa la kijinga? Nilikokotoa njia nzima kwa mlinganyo wa Minetti. Kilomita 21.1 za vilima hivi zinalingana na kilomita 21.35 za tambarare. Vilima vyote, vikikimbiwa kwa juhudi sawa, vinaongeza kama dakika moja na robo tu, na matokeo kwa mtu wa 1:45 yangekuwa 1:46 na robo. Karatasi haikosei hesabu. Ila hesabu hiyo inamtaka ashuke kwa karibu 4:00 kwa kilomita, kilomita tano na nusu kwa jumla, ili kurudisha alichotumia kupanda. Wapo wanaoweza. Mtu wa 4:59 asiyezoea miteremko hawezi, na akijaribu mara moja, mteremko wa pili unamwadhibu. Nilipoweka mwendo wa kushuka ambao miguu yake ingeweza kuubeba mara mbili, 4:40 hivi, ikatoka 1:50. Lengo lilikuwa limezidi kwa dakika mbili. Zile nyingine saba na zaidi zilitokana na namna alivyolifuata.

Tulichobadilisha ni kidogo kuliko alivyotarajia. Marudio ya kilima yalibaki, ila kushuka kukawa sehemu ya kazi: mteremko wa asilimia 3 hadi 4, mita 400, kwa kasi iliyodhibitiwa, hatua fupi na za haraka, mguu unatua chini ya nyonga, mikono imelegea pembeni. Mara ya kwanza alifanya manne tu na siku ya pili alilalamika sana, jambo nililolitarajia. Mapaja yana tabia moja ya ajabu: yakishaumizwa kidogo na kazi ya namna ile na kupona, pigo linalofuata la aina hiyohiyo halimalizi nguvu wala kuleta maumivu kama la kwanza, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Hakuna mpando unaoweza kuitoa. Tulifanya hivyo mara moja kwa wiki, tukaongeza taratibu, na zoezi la mwisho zito la kushuka tukaliweka wiki mbili kabla ya mbio. Nyumbani alishuka polepole kutoka kwenye kibao kirefu kwa mguu mmoja, sekunde tatu chini, bila kurukaruka.

Msimu uliofuata alirudi kwenye njia ileile. Nilimzuia kuonyesha mwendo kwenye kioo cha saa. Aliona mapigo na muda tu. Mpando wa kwanza aliupanda kwa 6:05, na watu wengi wakampita. Mteremko wa kwanza 4:40. Kwenye kilomita ya 11 alikuwa na dakika 58 na sekunde 9, karibu dakika mbili nyuma ya alivyokuwa mwaka wa kwanza, na anasema hiyo ndiyo sehemu aliyotaka kuivunja saa. Mpando wa pili 6:30 bila kutembea. Mteremko wa pili 4:45, sekunde tano tu zaidi ya wa kwanza. Alimaliza kwa saa 1, dakika 51 na sekunde 16. Kutoka kilomita ya 11 hadi mwisho alitumia dakika 53 na sekunde 7, mwaka wa kwanza alitumia dakika 61.

Sitaki kudai kwamba mazoezi ya kushuka peke yake yalifanya hayo. Alikuwa na msimu mzima zaidi wa mazoezi miguuni, aliijua njia, na alianza polepole. Kama angeanza polepole bila kufundisha mapaja, nadhani angepata nusu ya faida. Ushahidi ninaouamini ni ile tofauti ya sekunde tano kati ya miteremko miwili, kwa sababu busara ya mpando wa kwanza haiwezi kuieleza yote.

Tunachobishania sasa ni dakika mbili za kufika 1:49. Yeye anazitafuta kwenye mteremko wa kwanza, anataka kurudi 4:25 kwa kuwa mapaja sasa yamezoea. Mimi nimemwonyesha kipande cha asilimia 7: hata mara hii, kwenye picha, kisigino bado kinatangulia, na hadi hilo lirekebike kila sekunde atakayoipata pale atadaiwa kilomita ya 17. Nazitafuta kwenye kilomita ya 11 hadi ya 14, alipokimbia 5:05 tambarare na mapigo yakiwa 164, na kwenye ile ya 6 hadi ya 8, ambako alichelewa kurudi kwenye mwendo kwa kuwa alifika juu akidhani anastahili kupumzika. Hapo peke yake kuna kama dakika moja. Hiyo nyingine bado sijaiona.